Uso wangu, jua la Kibirizi na mwaka mzima bila mkorogo (uzi mrefu, vumilieni)

#1 Mama Chanja

Wakuu, mwakeye.

Miaka mingi nasoma humu kimyakimya, sijawahi kuanzisha uzi. Kilichonisukuma ni binti mmoja pale mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma. Juzi kanitazama usoni, kanivuta pembeni: "Dada, siku hizi unapaka nini?" Nikamwambia kofia. Akanuna, akajua namficha.

Sasa sikilizeni. Kazi yangu dagaa, huu mwaka wa kumi. Mitumbwi ikirudi alfajiri tunagombania ndoo, tunamwaga dagaa kwenye chanja, halafu ni kugeuza na kufukuza ndege mpaka jioni. Mti hakuna. Juu jua, chini mchanga unamulika. Na ngozi yangu ni ya kudeka tangu utotoni. Nikibadilisha sabuni, vipele. Mafuta yakiwa na manukato makali, kope zinavimba mpaka watu wananipa pole ya msiba.

Mimba ya pili ndiyo iliyoleta mabaka. Yakaanza mashavuni, rangi ya kahawa, yakapanda kwenye paji la uso, yakamalizia juu ya mdomo kama masharubu. Kila mama aliyeniona alisema yataondoka nikijifungua. Mtoto huyo sasa yuko darasa la pili, anajua kusoma na kujumlisha, masharubu ya mama yake yapo palepale.

Nikaingia kwenye mkorogo. Sitataja duka. Kikopo hakina jina wala maandishi, mama kakichota kutoka kwenye ndoo kama anapima mawese. Wiki ya pili uso uling'aa, wakuu, nisiwadanganye. Mume wangu alinisifia mbele ya wageni. Mwezi wa nne nikikaa karibu na jiko uso unawaka, mishipa midogo myekundu inaonekana puani, vinyweleo vimeota kidevuni, na viungo vya vidole vimebaki vyeusi kama nimeshika masizi. Nikikosa kupaka siku mbili, uso mzima chunusi na mwasho. Nikawa mtumwa wa kikopo.

Kuacha kulinichukua miezi mitatu ambayo sitaki kuikumbuka. Na mabaka yakarudi, meusi kuliko ya mwanzo.

Sasa hapa ndipo pa maana. Mnakumbuka mwaka 2024 ziwa lilipofungwa, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti? Hakuna kuvua, hakuna dagaa, njaa tupu. Nikaenda kwa dada yangu Mwandiga kumsaidia kushona, tunakaa ndani na cherehani kutwa. Sikupaka chochote zaidi ya mafuta ya mgando, kwa sababu hela ya kitu kingine sikuwa nayo. Agosti najitazama kwenye kioo: mabaka yamefifia, nusu yake hivi. Ziwa likafunguliwa, nikarudi chanjani kwa furaha zote. Wiki ya tatu masharubu haya hapa.

Hapo ndipo akili iliponijia. Miaka yote napambana na doa, kumbe kila asubuhi naenda mwenyewe kulimwagilia maji.

Tangu Septemba ile nimevaa kofia ya pama pana, ile ya kufunika mpaka masikio, na kanga nyepesi naikunja shingoni naipandisha mpaka puani. Tumechangishana wanne tukanunua turubai, tunakaa chini yake kati ya kugeuza na kugeuza. Uso naosha jioni kwa sabuni laini isiyo na harufu, asubuhi maji matupu. Dodoki nimelitupa. Mafuta ya mgando kidogo usiku. Losheni ya jua napaka usoni tu, mwili nafunika kwa nguo, maana hela haitoshi.

Mabaka hayajaisha. Naomba mnielewe hapo. Yamepauka, ukiwa mbali huyaoni, ukisogea unayaona. Lakini ngozi imeacha kuwasha, na hilo kwangu ni kubwa kuliko rangi.

Karibuni, maswali, matusi, yote sawa.

#2 Mtoto wa Gungu

Losheni ya jua kwa mtu mweusi? Hizo mambo waachie watalii wa Gombe. Babu yangu kavua dagaa ziwa hili miaka hamsini, hajawahi kupaka kitu zaidi ya mise (mafuta ya kokwa za mchikichi), na ngozi yake mpaka anazikwa ilikuwa kama ya kijana.

#3 Mama Chanja

Babu yako alikuwa anavua usiku, mkuu. Kwa karabai. Mchana kalala chini ya mwembe.

#4 Reli ya Kati

😂😂😂 Gungu kapigwa na kitu kizito. Nimeweka mkeka hapa.

#5 Dawa Baridi

Uzi mzuri. Mimi nipo duka la dawa, sitasema mtaa gani. Nianze na Gungu, maana swali lake naulizwa kila siku kaunta.

Ni kweli ngozi nyeusi ina kinga yake. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, inafanya kazi ya mwavuli, na waliopima wanasema ngozi nyeusi sana inakaribia kinga ya SPF 13, nyeupe ni 3 mpaka 4 (SPF ni kipimo cha kinga ya jua). Ndiyo maana sisi hatubabuki haraka, na saratani ya ngozi itokanayo na jua kwetu ni nadra, ukiwaondoa ndugu zetu wenye ualbino. Mpaka hapo babu yuko sahihi.

Ila mwavuli huohuo ndio unaotuponza kwenye madoa. Seli zinazotengeneza melanini kwetu ni wepesi wa hasira. Chunusi ikikauka, zinaacha doa. Mbu akikung'ata ukajikuna, doa. Homoni za mimba zikipanda, mabaka. Jua likipiga juu yake, zinaongeza wino. Mtu mweupe akikaa juani anawaka na kuchubuka, sisi tunaandikwa. Na si mionzi ya UV peke yake, hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho unaamsha mabaka ya aina ya Mama Chanja. Losheni ya kawaida isiyo na rangi mwanga huo haiuzuii vizuri. Zinazousaidia kuuzuia ni zile zenye rangi ya udongo au kahawia ndani yake, kwa sababu ya oksidi ya chuma. Kanga nzito na kofia vinauzuia bure.

Kuhusu kikopo: ulichoeleza, mishipa, vinyweleo, kuwaka ukiacha, hiyo ni steroidi kali, mara nyingi klobetasoli. Ni dawa halali ya magonjwa fulani ya ngozi, kwa siku chache na kwa maelekezo, na usoni daktari huikwepa. Ukiipaka miezi, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara. Aliyepaka mwili mzima kwa muda mrefu asikurupuke kuacha siku moja peke yake. Aende hospitali kwanza, kwa sababu mwili nao unaweza kuwa umeizoea.

Wengine wanachanganya haidrokwinoni, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi. Hiyo ukiitumia miaka inaweza kukugeuzia doa likawa la bluu-nyeusi, na kuliondoa ni kazi pevu. Wengine zebaki, inayoharibu figo na kumfikia mtoto tumboni. Vyote viwili ni marufuku kwenye vipodozi hapa nchini. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko kwa TBS, shirika la viwango, kabla ya hapo ilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa.

#6 Bi Vipodozi

Samahani jamani, msituharibie biashara kwa ujumla wake. Si kila cream ni mkorogo. Mimi nauza vitu vya boksi, vina lebo, vina tarehe. Na mteja ndiye anayekuja anasema "nataka kutakata". Nimfukuze? Nyie wenye mishahara mnaongea tu.

#7 Dawa Baridi

Dada, hujatukanwa. Boksi lako ligeuze usome nyuma. Kama limeandikwa usiruhusu kigusane na dhahabu, fedha au alumini, hicho kina zebaki, maana zebaki inakula vito. Kama hakuna orodha ya vilivyomo kabisa, nacho kiweke pembeni. Na kama kinang'arisha mtu ndani ya wiki moja, jiulize mwenyewe kimefanya nini humo ndani, kwa sababu ngozi kujibadilisha juu inachukua karibu mwezi. Hakuna kitu salama kinachoshinda kalenda hiyo.

#8 Reli ya Kati

Mimi bodaboda, Tabora mjini. Mkono wa kulia na wa kushoto sawa, lakini kutoka kiwiko kwenda chini ni mtu mwingine kabisa. Usoni nina mstari wa helmeti. Huku hatuna ziwa wala mchanga wa kumulika, ila tuko juu, mita 1,200 hivi. Ina maana tunapigwa zaidi?

Pili, mke wangu ananipaka limau na asali ya hapahapa, usiku na asubuhi. Mashavu yamepauka kweli lakini juzi nimepata alama nyeusi kama matone yaliyochirizika shingoni. Sijui nini.

#9 Dawa Baridi

Mwambie shemeji aache limau leo hii. Maji ya limau na ndimu yakikauka kwenye ngozi, ukatoka juani, yanaunguza. Kuna kemikali humo inayoamshwa na UV. Yale matone yaliyochirizika shingoni ndiyo sahihi ya limau. Yatafifia lakini kwa miezi. Asali haina ubaya, ila kazi ya kuondoa doa haiiwezi. Asali ya Tabora kuipaka shingoni ni kuidhulumu, weka kwenye chapati.

#10 Mwalimu wa Jografia

Naomba niingie hapa, maana mmegusa somo langu.

Reli, urefu kutoka usawa wa bahari unaongeza UV kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Sisi ziwani tuko karibu mita 770. Kwa hiyo nyinyi mnatuzidi asilimia nne, tano. Si ya kugombania. Sisi tunafidia kwa mchanga, mchanga mkavu unarudisha juu kama asilimia 15 ya UV, ndiyo maana mtu mwenye kofia anaungua kidevu.

Kinachowaponza watu wa Kigoma ni saa ya ukutani. Kila mtu anajua "jua kali ni saa sita". Hilo si kweli kwetu. Saa ya Tanzania imefungwa kwenye longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari ambao hata haupiti nchini, uko huko Mogadishu. Kigoma tuko nyuzi 29 na nusu na ushee. Kila nyuzi moja ni dakika nne. Pigeni hesabu: tofauti ni kama saa moja nzima. Jua linafika juu kabisa Kigoma saa saba mchana, si saa sita, likipishana dakika kadhaa kwa mwaka. Dar linafika kama dakika arobaini kabla yetu.

Maana yake ni hii. Mtu anajificha saa sita, anakula, saa nane anasema jua limepungua, anatoka. Saa nane ni pacha wa saa sita! Jua liko kimo kilekile, limehamia upande wa pili tu. Saa kumi jioni ni pacha wa saa nne asubuhi. Wanafunzi wangu walibisha, nikawatoa uwanjani na fito, wakapima kivuli wenyewe.

Hata saa si lazima. Angalia kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua lina nguvu. Kikiwa kirefu kuliko wewe, limelegea. Kwetu kivuli kinakuwa kifupi kuanzia mnamo saa nne mpaka saa kumi, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba kuna siku jua linasimama utosini kabisa, unakanyaga kivuli chako mwenyewe.

Na upepo wa ziwa unadanganya. UV haina joto. Unaweza kuona ubaridi huku unaungua. Wingu jembamba nalo linapitisha sehemu kubwa.

#11 Mama Chanja

Mwalimu, umenipiga. Mimi saa nane ndiyo saa yangu ya kutoka turubaini kugeuza! Miaka kumi. Nilikuwa naona ubaridi wa upepo ule nasema alhamdulillah.

Lakini tuseme kweli, siwezi kukaa kivulini mpaka saa kumi. Jua linaloniharibu uso ndilo linalokausha dagaa. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo nalia. Kwa hiyo saa nane nitatoka, ila pama na kanga juu, hata kama nahema.

#12 Mtoto wa Gungu

Mimi nimeenda kupima kivuli kweli. Saa nane kasoro, kivuli kinanifika magotini. Nimekaa kimya kuanzia leo.

#13 Bibi wa Ujiji

Wajukuu zangu, mimi naandikiwa na mjukuu. Zamani hapa Ujiji hatukujua hizo namba mnazosema. Mwanamke hatoki mchana bila kanga kichwani, basi. Na sabuni ilikuwa ya mawese, gwanji, tunaoga mwili mzima mpaka nywele. Hatukuwa na mabaka. Nyie mmeharibiwa na sabuni za rangi rangi.

#14 Mama Chanja

Shikamoo bibi. Kwa kanga nakuunga mkono mia kwa mia. Kwenye gwanji naomba unisamehe. Mwilini naipenda, nguo naifulia, lakini usoni inanikausha mpaka ngozi inakaza kama ngoma iliyoanikwa. Labda zenu zilipikwa na mtu mwenye mkono mzuri, siku hizi magadi yanazidi.

#15 Dawa Baridi

Bibi shikamoo. Mama Chanja yuko sawa kwa ngozi yake. Ngozi inapenda uchachu kidogo, na sabuni yoyote ya kipande iliyopikwa kwa magadi iko upande wa pili, mbali. Ngozi ngumu inavumilia. Ngozi ya kudeka inapoteza mafuta yake, inapasuka vijiufa visivyoonekana, halafu kila kitu kinachopakwa juu kinachoma. Watu wengi wanaosema "mimi nina aleji na kila kitu" hawana aleji, wana ngozi iliyosuguliwa. Waache dodoki na sabuni kali wiki nne kwanza, mafuta ya mgando usiku, halafu ndipo wajaribu kitu kipya. Na ukijaribu, paka kidogo nyuma ya sikio au ndani ya mkono siku mbili tatu kabla ya kugusa uso.

#16 Kasulu Baridi

Nimesoma yote. Mimi nina mtoto wa kiume mwenye ualbino, yuko darasa la tano. Kwetu hii si mada ya urembo.

Losheni yake ni Kilisun, inayotengenezwa kule hospitali ya KCMC, Moshi, mahsusi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ikichelewa kufika naazima kwa mama mwenzangu, akiishiwa yeye naazimisha mimi. Lakini Mama Chanja umesema jambo ambalo mimi nilijifunza kwa machozi: losheni ni ya tatu. Ya kwanza ni kivuli, ya pili ni nguo. Sare ya shule nilishona mwenyewe mikono mirefu na kola ya kusimama, mwalimu mkuu akakataa, nikaenda mara tatu mpaka akakubali. Kofia pia walikuwa wanamvua paredi! Mchana wenzake wanacheza mpira, yeye ni refa, anakaa chini ya mti na filimbi. Sasa kapenda urefa kuliko mpira.

Ngozi yake namkagua kila Jumapili baada ya kuoga, masikio, midomo, shingo, nyuma ya mikono. Kidonda kisichopona, kigaga kinachorudi palepale, sisubiri. Wazazi wenye watoto kama wangu, msisubiri. Na kichanga cha chini ya miezi sita hapakwi losheni, anafunikwa tu.

Huku kwetu Kasulu kuna baridi, watu wanadhani jua halipo. Mwalimu kashasema, UV haina joto.

#17 Nesi Zamu ya Usiku

Kasulu Baridi, Mungu akupe maisha marefu.

Niongeze dogo, maana watu watasoma uzi huu na kudhani kila baka ni jua. Mabaka meupe meupe mgongoni na kifuani yanayopukutika unga unga, mara nyingi ni fangasi, yana dawa na si ghali. Lakini baka lililopauka ambalo ukiligusa kwa pamba au ukilichoma kidogo husikii, hilo usilipake kitu. Nenda kituo cha afya, linaweza kuwa ukoma. Dawa zake zinatolewa bure, na ukianza mapema hupotezi kidole. Nimeona watu waliolipaka mkorogo miaka miwili.

#18 Chausiku 95

Mama Chanja, hiyo losheni ya jua hebu nieleze vizuri. Mimi nilinunua SPF 50, nikipaka nakuwa kama nimetumbukia kwenye unga wa muhogo. Na jasho likishuka macho yanawaka. Nikaitupa kabatini. Na ni ya bei!

#19 Mama Chanja

Pole, yangu ya kwanza ilinifanya hivyohivyo, nikaenda nayo mwaloni watu wakaniuliza kama nimeingia uganga.

Weupe ule unatokana na zinki na titani, ambavyo kwa ngozi ya kudeka ndivyo visivyochoma sana. Niliyo nayo sasa ni ya zinki lakini ina rangi ya kahawia, na kama Dawa Baridi alivyosema, rangi hiyo ndiyo inayosaidia mabaka. Haifanani na rangi yangu sawasawa, nikiipaka naonekana nimetoka saluni ya bei rahisi, lakini si mzuka.

Kupaka: nachora mistari miwili, kidole cha shahada na cha kati, kuanzia ncha mpaka shina. Hiyo ndiyo ya uso na shingo. Ukipaka tone moja kama krimu, SPF 50 yako haipo, umepaka SPF ya kujifariji. Juu ya kope sipaki, hapo kofia inafanya kazi. Najifuta jasho, nakauka, napaka, nasubiri robo saa kabla ya kutoka. Sheria inasema kurudia kila saa mbili. Narudia mara moja tu, kabla ya saa saba (sasa najua kwa nini!), kwa sababu kwa vidole viwili mara mbili kwa siku chupa ya mililita 50 inaisha ndani ya wiki tatu hivi. Yangu ni elfu thelathini na ushee. Faida ya ndoo ngapi za dagaa hiyo? Ndiyo maana nasema pama. Pama nilinunua mara moja, nimeivaa mwaka.

Usihangaike na SPF 100. Ya 30 inazuia kama asilimia 97 ya UVB, ya 50 kama 98. Angalia iandikwe inazuia aina zote mbili za mionzi ya jua, UVA na UVB. Na usiiache kwenye boksi la pikipiki au juani, joto linaiua.

#20 Reli ya Kati

Boksi la pikipiki 😅 Nilikuwa nataka kuuliza hapohapo.

#21 Chausiku 95

Asante dada. Na mimi nachoma sindano ya uzazi wa mpango, mabaka yalianza mwaka uleule. Niache?

#22 Dawa Baridi

Usiache kwa sababu ya uzi wa mtandaoni, tafadhali. Homoni zinaweza kuchangia mabaka, ni kweli, lakini mimba nayo inayaleta, tena kwa nguvu. Nenda kliniki uliyochomewa, mwambie nesi, kuna njia zisizo na homoni. Wakati unasubiri, funika uso.

Angalieni pia dawa mnazomeza. Doksisaiklini inafanya ngozi iwe nyepesi kuungua na jua, na watu wanaimeza bila cheti kwa kila kitu. Kotrimoksazoli pia, na baadhi ya vidonge vya presha vya kukojoza. Msiache dawa ya presha, ongezeni kofia.

Kwa wanaotaka kwenda mbali zaidi ya kofia: asidi ya azelaiki na niasinamaidi, za kupaka, zinavumiliwa na ngozi nyingi za kudeka, zinafifisha polepole, hesabu miezi mitatu. Azelaiki hata mjamzito anaweza kuitumia. Tretinoini, dawa nyingine ya kupaka, mjamzito asiiguse. Na bila kinga ya jua zote hizo ni kuchota maji kwa pakacha.

#23 Mtoto wa Gungu

Mama Chanja weka picha ya kabla na baada.

#24 Mama Chanja

Sura yangu mtaiona mwaloni, bure, bila bando.

#25 Bi Vipodozi

Mimi nimegeuza maboksi yangu tangu jana usiku. Aina mbili hazina orodha ya vilivyomo. Moja imeandikwa hilo la dhahabu na fedha, kwa herufi ndogo sana, nimesoma kwa tochi ya simu. Nimeyaweka chini ya kaunta, sijui nitafanyaje na hasara.

Mama Chanja, hizo pama unazosema, ni za kitambaa au za ukindu? Na unanunua wapi kwa jumla?

#26 Mama Chanja

Za kitambaa zinafuliwa, zile za ukindu zinapitisha jua kwenye matundu, utakuta uso una nukta za mwanga. Chukua za kitambaa kizito, ukingo mpana kama kiganja kizima kuanzia kidole mpaka kwenye mkono, na uwe na kamba ya kidevuni maana upepo wa ziwa hauna adabu. Yuko fundi Mwandiga anashona, ndiye dada yangu. Wanawake wa mwaloni peke yetu tutakumalizia dazeni mbili.

Wiki hii mbalamwezi, mitumbwi haitoki, sipo Kibirizi. Njoo wiki ijayo, asubuhi, kivuli kikiwa bado kirefu.